Je, Shule Ina Deni kwa Jicho la Mwanafunzi?

Katika lugha yetu ya Kiswahili kitenzi "kuona" kina kazi nyingi. Mtu huona kwa macho, huona baridi, huona njaa, huona haya, na atakapo kutoa rai yake husema, "Mimi naona." Mwenye busara husifiwa kwamba anaona mbali, na mzembe wa fikira hulaumiwa kwamba haoni mbali. Ndugu zetu wasemao Kinyarwanda nao husema "kureba kure" wakikusudia hekima wala si mboni za macho. Matumizi haya ni mazuri, nasi tumeyafundisha darasani kwa miaka mingi bila ya kuyatilia shaka. Lakini yana hatari yake. Lugha ikizoea kumwita mpumbavu kuwa ni mtu asiyeona mbali, huwa rahisi sana kwetu kumdhania asiyeona mbali kuwa ni mpumbavu, au mvivu, au mwizi wa majibu ya wenzake.

Katika makala haya twataka kulizungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaona ni la waganga tu, nalo ni macho ya vijana wetu wa sekondari ambayo hupungua nguvu ya kuona mbali mwaka hadi mwaka. Sisi si waganga. Hata hivyo, ndani ya jambo hili limo swali la maadili ambalo waganga hawawezi kutujibia: ikiwa kusoma kwenyewe ndiko kunakochangia kuharibu macho ya mtoto, je, shule inadaiwa nini naye? Na mwalimu, ambaye hakukusudia ubaya wowote, anadaiwa nini?

Kisa chenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, tukifundisha katika shule moja ya sekondari ya mjini Kigali, tulikuwa na mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili, umri wake miaka kumi na minne. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, na kwa desturi ya madarasa yenye wanafunzi wengi tulimketisha nyuma kabisa ili asiwazibe wengine. Msichana huyu alikuwa hodari wa kusoma kitabu kwa sauti, na mwandiko wake ulikuwa safi. Lakini kila tulipoandika zoezi ubaoni alichelewa kunakili, akawa anachungulia daftari la jirani yake. Tulimwonya mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa siku ya jaribio, na maswali tulikuwa tumeyaandika ubaoni. Tukamkamata akiikodolea macho karatasi ya mwenzake. Tukampa sifuri, tukamsimamisha mbele ya darasa, tukatoa hotuba ndefu juu ya uaminifu. Yeye hakujitetea sana. Alisema tu kwamba alikuwa akitafuta maswali, si majibu. Darasa zima likacheka; na sisi, yatupasa tukiri, tulicheka pamoja nalo.

Hazikupita wiki nyingi akaja muuguzi wa kituo cha afya kuwapima wanafunzi macho. Alitundika ubao wake wa herufi umbali wa meta sita, akawaita mmoja mmoja. Msichana wetu hakuweza kupita mstari wa pili. Alipelekwa hospitali, akaonekana kwamba alihitaji lenzi za diopta mbili kwa kila jicho. Ndipo tukafahamu kwamba siku ile ya jaribio alikuwa amesema kweli tupu. Majibu alikuwa nayo kichwani. Alichokosa ni maswali.

Alipopata miwani alikuja mezani petu baada ya kipindi akasema, kwa adabu na bila ya kejeli yoyote, "Mwalimu, kumbe unapofundisha huwa unatabasamu." Kwa muda wote wa mwaka ule, kutoka kule nyuma, uso wetu kwake ulikuwa doa lisilo na macho wala kinywa, naye alikuwa amekwisha kuamini kwamba sisi ni watu wa hasira. Neno lile lilituumiza kuliko lawama.

Na kisa hakikuishia hapo. Alipotimiza miaka kumi na mitano lenzi zilibidi kuongezwa zikakaribia diopta tatu, na mwaka uliofuata zikapita tatu na nusu. Baba yake, fundi cherehani katika mtaa wa Biryogo, alikuja shuleni amekasirika. "Mwalimu," alisema, "mtoto huyu ndiye anitungiaye uzi katika sindano jioni, mimi mwenyewe siwezi. Mtu aonaye tundu la sindano atakuwaje haoni? Ninyi mmempa miwani, na miwani ndiyo inayomla macho. Kila mwaka inataka nyingine." Tulimjibu, "Mzee, huenda una haki," kisha tukamshauri binti avae miwani kwa uchache, wakati wa kunakili tu. Hilo lilikuwa kosa letu la pili. La kwanza tulihukumu bila ya kujua, na la pili tulishauri bila ya kujua. Ni vigumu kusema ni lipi lililo kubwa.

Jicho lililorefuka

Tangu hapo tulijibidiisha kujifunza, na tuliyojifunza twayaeleza hapa kwa ufupi kwa faida ya walimu wenzetu.

Kwa karne nyingi wataalamu walibishana kama jicho hutoa miale yake kwenda kuvigusa vitu, au hupokea nuru itokayo katika vitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki karibu na mwaka 1040, alieleza kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni. Mwaka 1604 Johannes Kepler alionyesha kwamba picha ya kitu hukutanishwa juu ya pazia lililo nyuma ya jicho, liitwalo retina, na kwamba kwa mtu asiyeona mbali nuru hiyo hukutana kabla ya kulifikia pazia. Sababu iliyo ya kawaida kwa vijana ni kwamba tufe la jicho limerefuka kupita kiasi. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita zipatazo 24. Milimita moja tu ya ziada hutosha kumtia mtu katika diopta mbili na nusu au tatu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye diopta moja huona vizuri hadi meta moja mbele yake; mwenye mbili, nusu meta; mwenye nne, sentimeta 25. Zaidi ya hapo kila kitu huwa ukungu. Lakini ndani ya mpaka wake huona vizuri kabisa. Hii ndiyo sababu binti yule aliweza kutunga uzi, na ndiyo sababu hakuna aliyemsadiki. Baba naye, kwa kuwa umri ulikuwa umemfikisha, alikuwa na dhiki ya upande wa pili, yaani kutoona karibu. Kila mmoja alimpima mwenzake kwa jicho lake mwenyewe.

Jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi. Tena mtoto aanzaye mapema huendelea kwa kasi kuliko aanzaye akiwa mkubwa. Uchunguzi uliofanyika Marekani kwa miaka mingi ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 15 takriban nusu ya watoto wa namna hii macho yao yalikuwa yametulia, na kufikia 18 kiasi cha robo tatu. Kwa hiyo miaka ile tunayokaa nao sisi katika sekondari ndiyo miaka ambayo jambo hili ama hutulia, ama huendelea hadi kuleta hatari. Mtu akipita diopta tano au sita, hatari ya retina kubanduka na ya maradhi mengine yawezayo kuleta upofu ukubwani huzidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shule yashitakiwa

Je, ni kweli kwamba kusoma huharibu macho? Wazee walisema hivyo zamani, na sisi walimu tuliwajibu kwamba huo ni uzushi wa wavivu. Yafaa sasa tuwaombe radhi, kwa kuwa walikaribia ukweli kuliko sisi.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa habari za watu wapatao 68,000 wa Uingereza. Wachunguzi walitumia njia ya kulinganisha urithi wa watu ili kutenganisha sababu na matokeo. Waliona kwamba kila mwaka mmoja zaidi wa masomo humsogeza mtu katika kutoona mbali kwa kiasi cha robo ya diopta, au kidogo zaidi. Wala hawakuona dalili ya kutosha kwamba kutoona mbali ndiko kumfanyako mtu asome zaidi. Mashtaka yaielekea shule, basi, na wala si kitabu peke yake.

Maana kuna ushahidi mwingine wenye kutufikirisha sana. Mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha watoto wa asili ya Kichina, wenye umri wa miaka sita na saba, katika miji miwili: Singapore na Sydney. Wasioona mbali walikuwa 29 katika kila mia kule Singapore, lakini watatu tu katika kila mia kule Sydney. Watoto wa Sydney hawakusoma vitabu vichache zaidi. Tofauti kubwa iliyoonekana ni kwamba wao walikaa nje ya nyumba kiasi cha saa 14 kwa wiki, na wale wa Singapore saa tatu. Nuru kali ya mchana, wasema wataalamu, hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Darasa lililo na taa nzuri halifikii hata sehemu ndogo ya nuru iliyo nje.

Hapo ndipo sisi wa Kigali twapaswa kuamka. Mtu atasema, "Sisi tuna jua mwaka mzima, hatuna hofu." Lakini Singapore nayo iko karibu na ikweta kama sisi, tena karibu zaidi, na jua lake halikuwasaidia watoto waliofungiwa ndani. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za wilaya ya Nyarugenge na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kiasi cha mwanafunzi mmoja katika kila kumi hakuwa akiona mbali. Hesabu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya miji ya Mashariki ya Mbali. Hata hivyo, katika darasa la wanafunzi hamsini ni watoto watano. Na sisi kwa mwaka mzima hatukumtambua hata mmoja wao ila kwa kumwadhibu. Tena tujiulize: mtoto wa shule ya bweni aamkaye alfajiri, akaketi darasani mchana kutwa, kisha akarudi kwa masomo ya jioni chini ya taa, huliona jua kwa saa ngapi?

Hatia na deni

Mwalimu mwenzetu mmoja, tulipomweleza haya, alitujibu kwa hoja mbili zilizo na uzito, nasi hatupendi kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna aliyekusudia. Mwalimu alifundisha kwa nia njema. Mzazi alimpeleka mtoto shuleni kwa nia njema. Serikali ilijenga madarasa kwa nia njema. Pasipo nia mbaya pana kosa gani? Hoja ya pili ni kwamba biashara hii ina faida kubwa. Mtoto hupoteza meta chache za kuona, akapata elimu itakayomlisha maisha yake yote, na miwani humrudishia hata zile meta alizopoteza. Nani asiyeweza kukubali bei hiyo?

Kuhusu hoja ya kwanza, twaona kwamba mwenzetu amechanganya mambo mawili, hatia na deni. Hatia hutaka nia, lakini deni halitaki. Ng'ombe wa mtu akikata kamba usiku akaingia katika shamba la jirani akala mtama, mwenye ng'ombe hataitwa mwizi, kwani alikuwa amelala. Lakini kutakapopambazuka hawezi kusimama kwenye mpaka wa shamba akasema, "Mimi nililala, basi hakuna lililotokea." Wazee watamtaka alipe mtama, na tena atazame kamba yake. Akikataa, ndipo hatia itakapoanza. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Kwa miaka tuliyokuwa hatujui, hatukuwa wezi wa macho ya watoto. Lakini sasa kumepambazuka. Mwalimu ajuaye na asifanye neno hawezi tena kujitetea kwa usingizi.

Kuhusu hoja ya pili, hatubishi kwamba elimu ina thamani kuliko diopta mbili. Binti yule mwenyewe, tungalimuuliza, asingalitaka kurudi nyumbani asiyejua kusoma ili apate kuyaona majani ya mti wa mbali. Bali biashara huwa halali pale pande zote mbili zijuapo kinachotolewa na kinachopokewa. Mtoto wa miaka saba hakuulizwa. Mzazi hakuambiwa. Na miwani humrudishia kuona yule tu aliyepimwa, akanunuliwa, na akaruhusiwa na nafsi yake kuivaa. Asiyepimwa hulipa bei mara mbili: hupoteza macho, kisha hupoteza na elimu ile aliyoyatolea macho yake. Katika majimbo mawili ya vijijini ya Uchina, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto waliopewa miwani bure walipata alama bora za hesabu kuliko wenzao wasiopewa. Basi miwani kwa mwanafunzi si pambo, ni sehemu ya vifaa vya shule kama daftari na kalamu.

Baba, binti na miwani

Twarudi kwa fundi cherehani wa Biryogo. Imani yake kwamba miwani hula macho ni imani ya wazazi wengi, na haifai kudharauliwa, kwani ina sura ya ushahidi: mtoto alivaa, kisha akazidi kuharibika. Lakini mvua hunyesha baada ya watu kupanda, wala kupanda siko kuletako mvua. Jicho la kijana lingerefuka hata bila ya miwani. Huko Malaysia walijaribu kuwapa watoto lenzi zilizo pungufu kwa makusudi, wakitumaini kulipumzisha jicho. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa kwamba macho ya watoto hao yalizidi kuharibika, tena kwa haraka kuliko ya wale waliopewa kipimo kamili. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya haraka hiyo, lakini hazikutupa sababu ya kuisifu miwani pungufu kuwa ni dawa. Ushauri wetu wa "vaa kwa uchache" ulimnyima binti kuona na haukumwokoa jicho. Ilitubidi kumwendea baba yake dukani na kumwambia hivyo kwa vinywa vyetu. Alitusikiliza huku akishona, kisha akasema, "Mwalimu, mtu akikata kitambaa vibaya husema mapema, kabla hajashona." Tulikubali.

Baba alikuwa na haki katika jambo moja: miwani ya kawaida huonyesha, haizuii. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamepata njia za kupunguza kasi. Kuna matone ya atropini yaliyopunguzwa nguvu sana, yaliyojaribiwa Singapore na Hong Kong. Kuna lenzi za miwani zenye vituo vingi vidogo vidogo, zilizojaribiwa pia Hong Kong, na lenzi za kuvaliwa ndani ya jicho zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya watoto. Njia hizi hupunguza mwendo wala haziusimamishi kabisa. Ni kazi ya daktari wa macho kuamua nani zinamfaa. Na lenzi hizo ni ghali kuliko miwani ya kawaida. Mzazi mwenye uwezo na aulize. Ila ni wajibu wetu kusema pia kwamba jua halina ankara.

Kwa upande wa binti, adui alikuwa haya. Wenzake walimwita bibi, na wavulana walimpokonya miwani wakachezea. Akawa anaificha mkobani, akaivaa taa zikizimwa na kuivua zikiwashwa. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni nani aliyemfundisha kuyaficha? Kijana wa umri huo hujitazama kwa macho ya wenzake kabla ya kujitazama kwa yake. Kumlazimisha kuvaa kwa amri ni kumwongezea aibu, na kumwachia afanye atakavyo ni kumtupa. Twaona njia ya haki ni kulilea darasa, si kumshurutisha mtu mmoja: kukataza utani huo kama tukatazavyo matusi mengine, na mwalimu mwenyewe, ikiwa ana miwani, aivae mbele yao bila kuomba radhi.

Malipo ya deni

Ikiwa deni lipo, basi lipimwe na lilipwe. Sisi twapendekeza malipo manne yaliyo katika uwezo wa mwalimu wa kawaida.

La kwanza ni kuona. Mwanafunzi akunjaye macho, asogezaye kitabu puani, achunguliaye kwa jirani au anyamazaye kila swali likiwa ubaoni, asihukumiwe kabla ya kupimwa. Tangu mwaka 2012 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na shirika la Vision for a Nation, iliwafunza wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya nchini kupima macho, kutoa miwani iliyo rahisi, na kuwapeleka mbele wenye kuhitaji daktari. Kituo cha afya kiko karibu kuliko adhabu yetu ilivyotufanya tudhani. Na aliyekwisha kupimwa arudi kupimwa kila mwaka, kwani kijana huyu si yule wa mwaka jana.

La pili ni kusema kweli kwa mzazi, mapema, kabla kitambaa hakijashonwa.

La tatu ni kugawa viti kwa haki. Mrefu asiyeona aketi mbele pembeni, na maswali yaandikwe kwa herufi kubwa na kusomwa kwa sauti. Hili halina gharama hata ya faranga moja.

La nne ndilo zito, nalo ni jua. Katika mji wa Guangzhou, Uchina, shule kadhaa ziliongeza kipindi kimoja cha nje kila siku, cha dakika 40. Baada ya miaka mitatu, kama ilivyochapishwa mwaka 2015, watoto walioanza kutoona mbali walikuwa 30 katika kila mia, na katika shule zisizofanya hivyo walikuwa karibu 40. Kwa yule ambaye jicho lake limekwisha kurefuka faida ni ndogo zaidi, nasi hatutaki kuahidi tusichokijua. Lakini kwa wadogo zake ni ngao. Dakika 40! Huo ndio urefu hasa wa kipindi kimoja katika ratiba za shule zetu. Deni lote la jua, basi, ni kipindi kimoja kwa siku.

Tunajua pingamizi itakayokuja: mtihani wa taifa. Mkuu wa shule hupimwa kwa matokeo, na kila kipindi kitolewacho ndani huonekana kama kimeibwa. Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tuna bahati kuliko wa masomo mengine. Mazungumzo, mdahalo, ngano, methali na ushairi wa kughani havikuzaliwa chini ya paa la mabati. Vilizaliwa uani na barazani. Kipindi chetu kikitoka nje mara mbili kwa wiki, mtihani haupotezi kitu, na lugha yenyewe hupata pumzi. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, kingali lugha ya kitabuni kwa wengi wa wanafunzi wetu. Huenda chini ya mti kikawa lugha ya kinywani.

Binti yule alimaliza masomo yake. Miwani yake sasa ni ya diopta nne na robo, nayo imetulia. Tulipokutana naye mjini tulimwomba radhi kwa ile sifuri. Alicheka, akasema alikuwa ameisahau. Hatukumsadiki, wala hatukuona kwamba kusahau kwake, kama ni kweli, kunafuta deni. Mwenye kudai aweza kusamehe, lakini mdaiwa hana ruhusa ya kujisamehe mwenyewe. Kwa kuwa hatuwezi kumlipa yeye, tumeazimia kuwalipa wanaoketi leo pale nyuma alipokuwa akiketi.

Tungefurahi kusoma katika kurasa hizi maoni ya walimu wenzetu, hasa wale watakaojaribu kutoa vipindi vyao nje. Watuambie mambo yalivyokwenda, hata kama mvua iliwafukuza.